Ifahamu Wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma

Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Makao makuu yapo Mbamba Bay. Magharibi kuna Ziwa Nyasa, na ng'ambo yake ni Malawi. Kusini imepakana na Msumbiji.

Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 146,160. Kando ya ziwa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, wengi ni Wanyasa: wanavua dagaa na kulima mihogo na mpunga. Ukipanda milimani kuelekea Mbinga, unawakuta Wamatengo na kahawa yao.

Tatizo kubwa lilikuwa barabara. Mvua ikinyesha, gari linakwama mlimani, mgonjwa yumo na samaki wanaoza. Sasa lami ya kilomita 66 inaunganisha Mbinga na Mbamba Bay.