Joto majumbani: Ubaridi na hewa safi bila mzigo wa umeme

Joto kali limezilazimisha shule za Sudan Kusini kufungwa mara mbili katika kipindi cha mwaka mmoja. Viyoyozi navyo vinazidi kuenea katika miji ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, chumba chenye ubaridi si lazima kiwe na hewa salama, na sehemu kubwa ya joto inaweza kuzuiwa kabla halijaingia ndani.

Mwezi Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini iliamuru shule zote zifungwe, baada ya kutabiriwa kwamba joto lingefikia nyuzi 45 za Selsiasi. Haukupita mwaka kabla ya agizo hilo kurudiwa: Februari 2025 shule zilifungwa tena kwa wiki mbili. Wizara ya elimu ilieleza wakati huo kwamba wastani wa wanafunzi 12 walikuwa wakizimia kila siku mjini Juba.

Madarasa mengi ya nchi hiyo ni mabanda ya mabati yasiyo na umeme. Wanafunzi walipotakiwa kubaki majumbani, wengi wao walirejea chini ya mabati ya aina ileile. Hali hiyo inadhihirisha kwamba suala la joto katika ukanda huu haliishii kwenye utabiri wa hali ya hewa. Ni suala la paa, dirisha, jiko na bei ya umeme.

Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lilikadiria mwaka 2018 kwamba viyoyozi na feni hutumia takriban asilimia 10 ya umeme wote duniani. Shirika hilo lilitabiri kwamba idadi ya viyoyozi, iliyokuwa bilioni 1.6, ingefikia bilioni 5.6 ifikapo mwaka 2050. Kwa nchi ambazo gridi zake tayari zinaelemewa, namna nyumba zinavyojengwa leo ndiyo itakayoamua ukubwa wa mzigo huo kesho.

Ubaridi ni jambo moja, hewa safi ni jingine

Kiyoyozi cha ukutani, kile chenye sehemu moja ndani na nyingine nje, hakiingizi hewa mpya kama wengi wanavyodhani. Huvuta hewa ileile ya chumbani, huipitisha kwenye mabomba yenye ubaridi, kisha huirudisha. Kinachotolewa nje ni joto na maji yaliyotokana na unyevu.

Kwa hiyo, watu wanne wanapolala katika chumba kilichofungwa madirisha usiku kucha, wanavuta kwa sehemu pumzi za wenzao. Hewa ya nje huwa na takriban sehemu 420 za kaboni dioksaidi katika kila sehemu milioni moja. Katika chumba cha kulala kisichoingiza hewa, kiwango hicho kinaweza kupita 2,000 kabla ya alfajiri. Matokeo yake ni kuamka na uchovu na kichwa kizito. Jambo zito zaidi ni kwamba vijidudu vinavyosafiri kwa hewa, vikiwemo vya kifua kikuu na mafua, hubaki chumbani badala ya kutoka nje.

Kutokana na hayo, wataalamu wa majengo hufuata utaratibu mmoja: kwanza kulizuia joto lisiingie, pili kuutumia upepo, tatu kutumia feni, na mwisho kabisa kuwasha kiyoyozi kwa joto lililosalia. Katika kila hatua, hewa ya nje ipewe njia ya kuingia na ya kutoka.

Joto huanzia juu

Katika nchi zilizo karibu na Ikweta jua hupita juu sana angani, na Dar es Salaam hulipata utosini mara mbili kwa mwaka. Ndiyo maana paa hupigwa na jua kuliko ukuta wowote. Mchana usio na mawingu, kila mita moja ya mraba ya paa hupokea nishati inayokaribia wati 1,000, sawa na pasi ya umeme iliyowashwa.

Bati lenye rangi ya giza linaweza kupita nyuzijoto 60. Bati jipya lisilopakwa rangi hurudisha mwanga mwingi wa jua, lakini ni dhaifu katika kutoa joto lililokwisha kuingia, na uwezo wake hupungua kadiri linavyochakaa. Rangi nyeupe maalumu ya paa hufanya kazi zote mbili: hurudisha mwanga na hutoa joto. Paa la aina hiyo hubaki na joto dogo zaidi kwa makumi ya nyuzi, mradi lisafishwe vumbi mara kwa mara.

Hatua inayofuata ni dari. Hewa iliyo kati ya bati na dari hupata joto kali, na isipopata mahali pa kutokea hulishusha joto hilo chumbani. Matundu ya hewa chini ya mapaa na karibu na kilele huiruhusu itoke. Makuti, ambayo leo huonekana kama dalili ya unyonge au pambo la hoteli, yalifanya kazi hiyo kwa karne nyingi: hayashiki joto kama bati, na hupumua. Udhaifu wake ni moto na uchakavu.

Kuta za mashariki na magharibi hufuata kwa ukali, kwa sababu jua la asubuhi na la alasiri huzipiga likiwa chini. Mwarobaini uliopandwa upande wa magharibi, varanda, au pazia lililotundikwa nje ya dirisha husaidia kuliko pazia la ndani. Jua likishapita kwenye kioo, joto lake limekwisha kuingia.

Somo la Mji Mkongwe

Pwani ya Afrika Mashariki ilijenga kwa kuzingatia upepo muda mrefu kabla ya umeme. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa Lamu, ambayo yote imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, vichochoro vyembamba huwekeana kivuli. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huchelewesha joto la mchana, dari huwa juu, na ua wa ndani huiachia hewa ya joto njia ya kupanda na kutoka. Kaskazi na kusi, pepo zilizoendesha majahazi, ndizo zilizopoza pia vyumba vya juu.

Nyumba nyingi mpya za mijini zimeyaacha mambo hayo. Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza hufunguka nusu tu ya upana wake, kwa sababu kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Chumba chenye dirisha upande mmoja pekee hakipati upepo wa kupita, hata likiachwa wazi. Dirisha la mbao lenye vibao vya mlalo, au la vioo vya kufunguka kama vibao, huruhusu hewa karibu katika eneo lake lote na huzuia mvua kwa wakati uleule.

Si kila funzo la pwani linafaa bara. Dodoma au Nairobi, ambako usiku hupoa kwa kiasi kikubwa, ukuta mnene ni hazina: madirisha hufungwa mchana na kufunguliwa usiku ili kuta zipoe. Dar es Salaam na Mombasa, ambako usiku nao una joto na unyevu, kivuli na upepo vina manufaa makubwa zaidi.

Kaskazini mwa Kenya, kando ya Ziwa Turkana, chuo cha teknolojia ya habari cha Startup Lions kinatumia kanuni hiyohiyo ya hewa. Msanifu wake, Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso aliyetunukiwa tuzo ya Pritzker mwaka 2022, alijenga minara mirefu inayofanana na vichuguu. Hewa ya joto hupanda na kutoka kupitia minara hiyo, na hewa yenye ubaridi zaidi huingia kupitia matundu ya chini.

Feni na mipaka yake

Pangaboi la kawaida hutumia kati ya wati 50 na 75. Likizunguka saa nane za usiku, hutumia karibu nusu uniti ya umeme. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinaweza kutumia uniti tano hadi nane kwa muda huohuo, kutegemea aina yake na joto la nje. Kwa familia inayonunua umeme kwa LUKU au tokeni, tofauti hiyo huonekana kabla ya wiki kwisha.

Feni haipozi chumba. Humpoza mtu, kwa kuharakisha ukaukaji wa jasho. Kwa hiyo kuiacha ikizunguka katika chumba kisicho na mtu ni upotevu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri feni itumike tu joto likiwa chini ya nyuzi 40. Hali inapozidi hapo, feni huupulizia mwili joto badala ya kuupunguzia. Wazee, watoto wachanga na wagonjwa wanahitaji uangalizi zaidi: maji ya kunywa, nguo yenye unyevu mwilini na kivuli.

Vifaa vinavyopoza kwa kupuliza hewa kwenye maji hufanya kazi kwa kanuni ya mtungi wa udongo: maji yanapokauka huchukua joto. Kanuni hiyo hufaa Turkana, au Juba wakati wa kiangazi. Katika mwambao, ambako hewa tayari imejaa unyevu, kifaa hicho huongeza fukuto na kustawisha kuvu ukutani.

Kiyoyozi kinapohitajika

Yapo mazingira ambamo kiyoyozi ni hitaji la afya, kama wodi za hospitali na vyumba vya wagonjwa wa moyo. Kinapotumika, mambo machache huamua gharama yake. Aina ya inverta, ambayo hupunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka, huokoa umeme. Kiyoyozi kikubwa kupita kiasi hupoza haraka na kujizima kabla ya kuondoa unyevu, na chumba hubaki baridi lakini chepechepe. Taasisi ya ufanisi wa nishati ya India inakadiria kwamba kila nyuzi moja inayoongezwa kwenye kidhibiti huokoa takriban asilimia 6 ya umeme. Kukiweka kwenye nyuzi 26 huku pangaboi likizunguka polepole huwapa wengi nafuu ileile.

Chujio lisafishwe, kwani likijaa vumbi huongeza matumizi ya umeme na kurudisha uchafu chumbani. Madirisha nayo yafunguliwe kwa dakika kadhaa, asubuhi na kabla ya kulala.

Suala jingine ni gesi iliyomo ndani. Gesi ya R-410A, ikivuja, huongeza joto la dunia zaidi ya mara 2,000 ya uzito uleule wa kaboni dioksaidi. Mwezi Oktoba 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali, Rwanda, kupunguza gesi za kundi hilo, na makubaliano hayo yalianza kutekelezwa tarehe 1 Januari 2019. Mwaka huohuo Rwanda ilizindua mkakati wake wa kitaifa wa upozaji. Nchi zisizo na viwango vikali hubaki katika hatari ya kuwa soko la vifaa vilivyotumika, vinavyouzwa kwa bei nafuu dukani na kugharimu zaidi kila mwezi.

Jiko, moshi na mbu

Hakuna upozaji utakaosaidia iwapo chanzo cha moto na moshi kimo ndani. WHO inakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kuni na mkaa huchafua hewa na kuongeza joto chumbani kwa wakati mmoja. Mkaa uliokolea hudanganya, kwa kuwa hauonyeshi moshi, ilhali hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua waliolala. Jiko la mkaa halipaswi kuingizwa chumbani, hata mvua inaponyesha.

Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Jiko la gesi ni hatua kubwa, lakini nalo huhitaji dirisha lililo wazi. Jiko la presha la umeme hutoa joto dogo zaidi jikoni. Udi na dawa ya mbu ya kuchoma navyo hujaza chumba kilichofungwa chembe ndogo zinazoingia ndani kabisa ya mapafu.

Mbu ndiye sababu ya familia nyingi kufunga madirisha jua linapotua. Wavu humzuia, lakini hupunguza pia upepo, kwa hiyo dirisha lenye wavu linapaswa kuwa kubwa zaidi. Mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania, watafiti walijenga nyumba 110 za ghorofa moja, zijulikanazo kama Star Homes, zenye kuta za wavu zinazopitisha hewa, vyumba vya kulala juu na jiko lisilotoa moshi mwingi. Walifuatilia afya ya watoto wa nyumba hizo, hususan malaria, kuharisha na maradhi ya njia ya hewa. Ujenzi huo unaunganisha mambo ambayo kwa kawaida hushughulikiwa na idara mbalimbali: joto, mbu na moshi.

Mpangaji na mwenye nyumba

Mpangaji wa chumba kimoja hana mamlaka juu ya paa. Anaweza kuhamishia jiko nje, kutundika kivuli upande wa magharibi, kuweka wavu badala ya kuchoma dawa, na kufungua madirisha alfajiri. Zaidi ya hapo, uamuzi uko kwa mwenye nyumba, ambaye hailipi bili ya umeme, na kwa halmashauri zinazoidhinisha ramani. Tundu la hewa chini ya paa, dirisha la pili na rangi nyeupe hugharimu kiasi kidogo nyumba inapojengwa. Baada ya hapo, gharama hulipwa kila usiku na wanaolala ndani yake.