Mabao Matatu na Fainali Moja: Habari za Abdallah Kibadeni

Ndugu zangu mliopita Lugoba, nanyi wadogo zetu mlioko madarasani, nimeombwa makala ya kandanda. Nimemchagua mtu ambaye jina lake lilitajwa sana katika mabweni yetu, ingawa karibu kila mara kwa sababu moja tu.

Sababu yenyewe ni ya tarehe 19 Julai 1977. Siku hiyo Simba iliifunga Yanga mabao 6 kwa 0 katika ligi, na Abdallah Kibadeni, aliyeitwa "King", alitia matatu peke yake. Mawili yalikuwa ya Jumanne Hassan "Masimenti", na moja Selemani Sanga wa Yanga alijifunga. (Wana-Yanga mniwie radhi, yale 5 kwa 0 ya mwaka 1968 nayo hatujayasahau.) Mimi nilikuwa sijazaliwa. Mabao hayo niliyapata kwa masikio, kwa wazee waliokaa na redio kando ya barabara, mabasi ya Tanga na Moshi yakipita.

Mwezi huohuo, huko Uingereza, Tommy Docherty, mchezaji wa zamani wa Scotland, aliondolewa umeneja wa Manchester United, wiki chache tu baada ya kutwaa Kombe la FA. Baadaye alipata umaarufu wa namna nyingine. Watu walipokwisha kula karamu, yeye alisimama, akawachekesha kwa visa vya mpira, naye akalipwa. Kwetu mchezaji mstaafu huombwa visa barazani au redioni, na aghalabu huombwa kisa kilekile. Kwa Kibadeni, kisa hicho ni cha 1977.

Kwa maoni yangu, jambo zito zaidi ni lile alilofanya akiwa mwalimu wa timu. Alikuwa mmoja wa wachezaji wa Simba iliyofika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1974, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti. Mwaka 1993, sasa akiwa kocha, aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF. Hakuna klabu ya Tanzania iliyokuwa imefika fainali ya Afrika kabla ya hapo.

Mchezo wa kwanza, Abidjan, ulikwisha 0 kwa 0 dhidi ya Stella. Wengi wakaona kombe limeshafika nyumbani. Hesabu haikuwa nyepesi hivyo: kwa sheria ya bao la ugenini, hata sare ya 1 kwa 1 Dar es Salaam ingewapa Stella kombe. Uwanja wa Taifa ukajaa, Rais Mwinyi akiwepo. Boli Zozo akafunga mara mbili, Simba haikupata kitu.

Ilipita miaka 30 kabla klabu nyingine ya Tanzania kufika fainali ya Afrika. Hiyo ilikuwa Yanga, mwaka 2023, nayo ikalikosa kombe kwa sheria ileile ya bao la ugenini. Kibadeni mwenyewe aliitwa tena Simba mwaka 2013, akitokea Kagera Sugar, wala mwaka haukuisha akiwa kazini.

Ningepata nafasi ya kumsimamisha mbele ya vijana wa Lugoba baada ya chakula cha jioni, nisingemwuliza habari za mabao matatu. Ningemwuliza aliwaambia nini wachezaji wake mapumzikoni, siku ile ya Novemba 1993.