Devi si Bei

Mjini Goma, karatasi ya kazi huandikwa kwa Kifaransa na kujadiliwa kwa Kiswahili. Fundi wa tovuti huja na devi yake iliyopigwa chapa vizuri: maelezo ya kazi upande wa kushoto, idadi katikati, dola upande wa kulia, jumla chini kabisa. Mteja huanza kuisoma kutoka chini. Anaitazama ile jumla, anainua macho, anauliza: "Sasa papa, hii ndiyo ya mwisho?" Fundi anajibu kwamba wataelewana. Wanapeana mkono, na kila mmoja anaondoka na makubaliano yake kichwani. Mteja ameondoka na bei. Fundi ameondoka na kadirio. Miezi miwili baadaye watagombana, na kila mmoja ataapa kwamba mwenzake amevunja ahadi.

Ugomvi wa namna hii nauona kuwa ni ugomvi wa istilahi kabla ya kuwa ugomvi wa fedha. Neno moja limebebeshwa mzigo wa maneno manne au matano. Na Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Kinachokosekana ni mazoea ya kuliweka kila neno mahali pake.

Tuanze na devi yenyewe. Kitenzi cha Kifaransa kilichoizaa, "deviser", hapo kale kilimaanisha kugawa, kisha kikaja kumaanisha kuzungumza. Maana zote mbili zinafaa kazi hii. Devi ya kweli ni kazi iliyogawanywa vipande mbele ya mwenye kazi, pamoja na mazungumzo juu ya kila kipande: kurasa ngapi, lugha ngapi, nani ataandika maneno, nani atapiga picha, nani ataitunza tovuti ikishafunguliwa. Fundi anayeandika mstari mmoja tu, tuseme "tovuti, dola 600", hajatoa devi. Ametaja namba.

Devi ina ndugu yake, profoma. Mashirika mengi yanayofanya kazi mjini hudai profoma tatu kutoka kwa watu watatu kabla ya kununua. Neno ni la Kilatini, na maana yake ni kutimiza utaratibu. Utaratibu huo una faida, kwa kuwa unazuia upendeleo. Ila huwafanya wanunuzi walinganishe jumla tatu za kazi ambazo hazifanani. Mmoja amehesabu mafunzo ya watumishi watakaoitumia tovuti, mwingine hakuyagusa. Mmoja ameweka miaka miwili ya kuihifadhi tovuti mtandaoni, mwingine mwaka mmoja. Ni rahisi mtu kuonekana nafuu kwa kunyamaza. Mnunuzi anayetaka haki awape wote watatu orodha ileile ya kazi, ndipo alinganishe.

Sasa kadirio. Mzizi wake wa Kiarabu umetupa pia kadiri, yaani kiasi, na kadari, yaani yale mja aliyoandikiwa. Ukoo huu una adabu ya kutufundisha. Kadari ni ya Mungu, haikosei. Kadirio ni la mwanadamu: ni kiasi alichokiona siku ile, kwa habari alizokuwa nazo siku ile. Ndiyo maana kadirio lisilo na tarehe wala masharti ni mtego kwa pande zote mbili. Mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zilifunga milango. Fundi aliyepanga kulipia seva ya ng'ambo kwa kadi ya benki ilimbidi atafute njia nyingine: pesa za simu, ndugu aliyeko Kampala, mtu wa upande wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Kila njia ina makato yake. Ni devi gani ya Desemba 2024 ingeyaona hayo? Kwa hiyo fundi mwaminifu hutoa kadirio lenye ncha mbili, kutoka kiasi hiki hadi kiasi kile, na chini yake huandika mambo yatakayolisukuma juu au kulishusha. Mteja akiuliza kwa nini hapewi namba moja, aambiwe bila kuzungushwa: namba moja itakuja kazi yote ikishajulikana.

Gharama ni neno zito zaidi. Katika Kiarabu lina maana ya faini, fedha inayokutoka upende usipende. Kiswahili kimelilainisha, lakini ukali wake bado upo: gharama ni kile kitakacholipwa hata kama tovuti haikumpendeza mtu yeyote. Humo mna umeme wa kuchaji betri, mna vifurushi vya intaneti, mna saa za watu, mna upangishaji, yaani kodi ya nafasi ambamo tovuti inakaa. Upangishaji ni istilahi nzuri, kwa sababu kila mtu wa Goma aliyewahi kupanga nyumba Himbi au Katindo anaielewa papo hapo. Usipolipa kodi, unatolewa.

Istilahi ninayoipenda kuliko zote katika fungu hili ni kikoa. Wataalamu wameichukua kutaja jina la anwani ya tovuti, lile linaloishia na .cd kwa Kongo au .ke kwa Kenya. Waswahili wa zamani walikuwa na kikoa chao: utaratibu wa watu kula pamoja, kila mmoja akileta chakula kwa zamu yake. Asiyeleta zamu yake ikifika huwa amejitoa. Jina la kikoa nalo ndivyo lilivyo. Hulinunui likawa lako milele. Unalipia mwaka hadi mwaka, na ukiacha linakwenda kwa mwingine. Hata nchi haziko salama. Zaire ilikuwa na .zr yake, jina la nchi lilipobadilika mwaka 1997 ikaja .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Mteja akielezwa hivyo siku ya kwanza, hatashangaa mwaka wa pili akidaiwa tena "hela ya site" aliyodhani alishaimaliza.

Bei ni neno la watu wawili. Asili yake ya Kiarabu ni kuuza, tendo ambalo mtu hawezi kulifanya peke yake. Kiswahili kimeitunza tabia hiyo katika kitenzi kinachoandamana nayo: bei hupatanwa. Ile "na" ya kupatana inasema kwamba kila mmoja amempata mwenzake. Kwa hiyo kadirio hutolewa, gharama huingiwa, bei hupatanwa. Matendo matatu, na hakuna moja linaloweza kufanya kazi ya jingine. Mteja akisema "unipunguzie", ana haki ya kusema hivyo, maana kupatana ni kwake pia. Lakini fundi anayeshusha bei huku orodha ya kazi ikibaki ilivyo amekiri moja kati ya mambo mawili: ama namba ya kwanza haikuwa ya kweli, ama kazi itakuwa hafifu. Jibu la heshima ni kurudi kwenye vipande: "Mama, tukiondoa lugha ya pili na duka la mtandaoni, tunafika pale unapotaka."

Wakishapatana, pesa ya kwanza inatoka mfukoni. Goma wanaiita avansi. Noti za dola huhesabiwa moja moja, zikainuliwa kwenye mwanga, na yenye mchaniko mdogo ukingoni inarudishwa hata kama haina kasoro nyingine. Inasikitisha kwamba noti inakaguliwa kwa makini hivyo, ilhali swali la maana halijaulizwa: mteja akighairi, pesa hii itakuwa ya nani?

Kiswahili kina neno la kale linalojibu swali hilo, arbuni, ambalo wengine hulitamka rubuni. Ni pesa ya kufunga makubaliano. Ukoo wake ni wa kale kwelikweli. Katika Kiebrania cha kitabu cha Mwanzo, sura ya 38, neno la mzizi huo ndilo linalotaja muhuri, kamba na fimbo alizoziacha Yuda kwa Tamari. Wafanyabiashara walilipeleka kwa Wayunani, Warumi wakalipokea, na Kifaransa kikabaki na "arrhes". Sheria ya madai ya Ufaransa ya mwaka 1804, katika kifungu cha 1590, inaeleza kanuni yake katika ahadi ya kuuza: aliyetoa akighairi ameipoteza, aliyepokea akighairi anarudisha maradufu. Hivyo mjini Goma wamekutana binamu wawili waliosafiri kwa njia tofauti, mmoja kupitia pwani ya Bahari ya Hindi, mwingine kupitia Brussels, na wote wana jambo moja la kusema. Avansi ni sehemu ya malipo tu. Arbuni ni malipo yenye ahadi ndani yake. Fundi aandike ni ipi anayopokea, na maana yake kwa kila upande.

Kazi inapoanza, huja sauti ya upole: "Uniongezee kapaji kamoja tu." Mwenye sikio la lugha ataisikia ile "ka". Ni kiambishi cha udogo ambacho Kiswahili cha Kivu hukitumia kila siku, na kazi yake hapa ni kulifanya ombi lionekane jepesi. Pengine hako kapaji ni ukurasa wa kupokea malipo kwa simu. Mteja anaona kitufe kimoja. Nyuma ya kitufe mna makubaliano na kampuni ya simu, majaribio, ulinzi wa namba za wateja, na kujua la kufanya pesa ikikatwa bila bidhaa kuagizwa.

Soko la Kongo lina neno la jambo hili, matabishi. Ni neno la Kireno lililoingia bara kwa njia ya biashara, na katika Kireno chenyewe lilimaanisha kuua mdudu, yaani kinywaji au kitafunio cha asubuhi. Mama anayepima maharagwe kwa kopo mtaani Birere hulijaza, kisha huongeza konzi juu. Konzi hiyo ni ya ukarimu na inarudisha mteja kesho. Lakini tazama mambo matatu: muuzaji anajua uzito wake, kipimo kimeshajaa kabla haijaja, na anayeitoa ni yeye mwenyewe kwa mkono wake. Matabishi ya tovuti yana nafasi. Fundi aseme tangu mwanzo, kwa mfano, kwamba marekebisho mawili ya rangi na picha ni ya bure. Zaidi ya hapo ni kopo jipya, na kopo jipya lina devi yake.

Limebaki matarajio, neno ambalo mzizi wake wa Kiarabu ni wa tumaini. Mteja anayefungua tovuti ya hoteli kando ya Ziwa Kivu anatumaini wageni, na hilo fundi hawezi kumuuzia. Anaweza kumuuzia tovuti inayofunguka haraka kwenye simu ya bei nafuu, yenye namba ya kupigia na ramani sahihi. Kwa hiyo katika karatasi ya kazi ningechagua ahadi kwa yale ambayo fundi ana uwezo nayo, na kuyaacha matarajio yaandikwe peke yake, kwa maneno ya mteja mwenyewe, ili yasikike na yajibiwe. Tumaini lisiloulizwa mapema hugeuka deni, na fundi ndiye atakayedaiwa.

Katiba ya Kongo ya 18 Februari 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Vijana wa Goma wanaosomea kompyuta katika chuo cha ISIG au chuo kikuu cha ULPGL husoma kazi yao kwa Kifaransa, kisha hutoka nje na kuiuza kwa Kiswahili. Ombi langu kwao ni dogo: devi ibaki na Kifaransa chake, lakini ukurasa wake wa kwanza uwe wa Kiswahili, na uwe na mistari sita. Kadirio ni kutoka wapi hadi wapi, na kwa masharti gani. Gharama za kila mwaka ni zipi. Bei tuliyopatana ni ya orodha ipi. Arbuni ni kiasi gani, na nani anaipoteza lini. Matabishi yanaishia wapi. Ahadi ni ipi. Ukurasa huo usomwe kwa sauti mbele ya mteja kabla noti hazijahesabiwa, na akiuliza "hii ndiyo ya mwisho?", fundi aweke kidole kwenye mstari wa tatu na kumjibu ndiyo.