Ben Mtobwa, mtunzi wa ng'ambo ya ziwa aliyejichapishia vitabu

Baraka, Fizi. Vita vya 1996 viliwavusha watu wengi wa Fizi Ziwa Tanganyika hadi mkoa wa Kigoma, Tanzania, na wengi wakaishia kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Katika mkoa huohuo alizaliwa, mwaka 1958, mtunzi wa riwaya Ben Mtobwa.

Mtobwa alikuwa pia mwandishi wa habari. Katika riwaya zake, mpelelezi Joram Kiango hapambani na maadui peke yake: Nuru, msichana anayempenda, yuko naye hatarini. Msomaji hufuata upelelezi, lakini moyo wake unabaki kwa wapenzi hao wawili. Katika Dar es Salaam Usiku (1990), mapenzi yalipewa nafasi kubwa zaidi.

Kutunga ni nusu ya kazi. Mtobwa alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Alifariki mwaka 2008. Vitabu vyake bado vinasomwa.

Hilo ni somo kwa kijana wa Fizi mwenye hadithi ya mapenzi daftarini. Watu wanapokimbia vita, daftari moja hupotea njiani. Kitabu kilichosambaa mikononi mwa wengi hakipotei chote.