Kujifunza Mwomboko

Huenda, msomaji, umekwisha kuiona ngoma ya mwomboko katika arusi au sikukuu mjini Nyeri, Karatina au Murang'a. Wazee wa kiume na wa kike husimama wawili wawili, wameshikana, huenda hatua chache za polepole, kisha huinama kidogo kwa pamoja na kugeuka. Mtazamaji haoni ugumu wowote. Nami sikuuona, mpaka siku nilipoagizwa kuwafundisha wanafunzi ngoma hiyo kwa ajili ya tamasha la muziki la shule, nikatambua ya kuwa mwalimu mwenyewe hajui kuicheza.

Nilikwenda kwa bibi mmoja mzee, nje kidogo ya Nyeri. "Cucu," nikamwambia, "nifundishe kama mtoto." Mpiga kodiani hakuwapo, basi akamwita mjukuu wake apige karing'aring'a, yaani pete ya chuma inayogongwa kwa kijiti cha chuma. Kwa muda wa saa nzima nilikanyaga palipohitaji kuinama, nikainama palipohitaji kugeuka. Mwishowe Cucu akacheka, akasema, "Mwalimu, wewe unahesabu. Acha kuhesabu, sikiliza chuma." Tulipopumzika nikamwuliza alijifunza wapi. Akajibu, "Kwa mama yangu, jikoni, mlango umefungwa."

Yamkini utauliza kwa nini mtu afunge mlango ili acheze ngoma. Jibu lake ni refu, na linaanza kabla Cucu hajazaliwa. Mwaka 1929 misheni kadhaa, mojawapo ile ya Kanisa la Scotland iliyokuwa na vituo Tumutumu na Chogoria, ziliwataka waumini wao waahidi kuiacha tohara ya wasichana. Aliyekubali aliweka alama ya kidole gumba, iliyoitwa kirore. Wengi walikataa, wakatoka kanisani, wakawatoa na watoto wao shuleni. Ndipo ulipozuka Muthirigu, wimbo wa kuchezwa, uliowakejeli wamisheni, maofisa na machifu, na uliobeba pia uchungu wa ardhi iliyochukuliwa. Mapema mwaka 1930 serikali iliupiga marufuku, na vijana walioendelea kuuimba walikamatwa. Mimi siitetei desturi ile: iliwadhuru wasichana, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeikataza. Hata hivyo, watu walijifunza jambo moja mwaka ule, kwamba ngoma yaweza kumpeleka mtu gerezani.

Mwomboko ulikuja baadaye, katika miaka ya 1930 na 1940. Vijana waliotumikia katika nyumba na hoteli za walowezi, na askari waliorudi kutoka katika Vita Kuu ya Pili, walikuwa wamewaona Wazungu wakicheza walzi na densi nyinginezo, mwanamume na mwanamke wameshikana. Waliichukua namna ile pamoja na kodiani, wakaitia maneno ya Kigikuyu na mlio wa karing'aring'a. Kuna watu wasemao ya kuwa, kwa sababu hiyo, mwomboko si ngoma ya jadi, wala haufai kuingizwa katika mashindano ya ngoma za asili. Sikubaliani nao hata kidogo. Watu wa Lamu na Mombasa walipoanza beni, mwishoni mwa karne ya 19, waliiga bendi za askari wa Kizungu, tarumbeta kwa tarumbeta. Wakaitumia kushindana mtaa kwa mtaa na kutoleana mafumbo ambayo Mzungu hakuyaelewa. Kitu huwa cha mtu kwa vile anavyokitumia, na Wagikuyu waliutumia mwomboko kusimulia habari zao wenyewe.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa. Mikutano ilihitaji kibali, na usiku watu walikatazwa kutoka nje. Tangu mwaka 1954 watu wa Nyeri, kama wenzao wa Murang'a na Kiambu, walihamishwa kwa nguvu kutoka katika mashamba yao na kutiwa katika vijiji vilivyolindwa, vingi vikizungukwa na mahandaki. Katika mahali kama hapo nani angethubutu kukunjua kodiani? Cucu alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Mama yake alimfundisha hatua kwa kugonga ukingo wa sufuria kwa kijiko, polepole, ili mlinzi asisikie. Hali ya Hatari iliondolewa mwaka 1960.

Wala usidhani ya kuwa mkono wa kukataza ulikuwa wa mkoloni peke yake. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, ambao mwomboko umo ndani yake. Mwezi wa Novemba mwaka uleule kibali chao kilifutwa, nasi tulikuwa nchi huru tangu 1963.

Mara ya tatu nilikwenda kwa Cucu na wanafunzi kumi na wawili, na mzee mmoja mwenye kodiani iliyovuja pumzi. Tulicheza uani, mbele ya majirani. Cucu aliwasifu wasichana, akamrekebisha mvulana mmoja mabega. Mimi akaniambia ya kuwa goti langu la kushoto bado halisikii chuma, nirudi Jumamosi.