Allidina Visram na Maduka ya Njia ya Reli

Allidina Visram, aliyezaliwa Kutch, magharibi mwa India, mwaka 1851, alifika pwani ya Afrika Mashariki angali mvulana, akajifunza biashara Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo, tajiri aliyeihudumia misafara, yaani makundi ya wapagazi waliopeleka nguo na shanga bara na kurudi na pembe za ndovu. Reli ya Uganda ilipojengwa kuanzia mwaka 1896, alifungua maduka kandokando yake, akawauzia vibarua chakula, na baadaye akaingia katika uchambuaji wa pamba, yaani kutenganisha nyuzi na mbegu. Baada ya kifo chake mwaka 1916, mwanawe alimuenzi kwa kugharimia shule ya Mombasa inayobeba jina la baba huyo hadi leo, na kwa hiyo mali iliyochumwa dukani ikawafaa pia watoto wa wengine.