Kitanda Usichokilalia

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii aghalabu husemwa kuhusu ndoa za majirani, nayo hutosha kumnyamazisha mmbea. Mimi niliyefundisha historia kwa miaka mingi katika chuo cha ualimu naona inamhusu mwanahistoria pia, kwani naye hupenda kuchungulia vyumba vya watu waliokwisha kufa na kutoa hukumu. Ndoa iliyonifanya niwaze hivyo ni ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na binti wa Kiajemi aliyejulikana kwa jina la Shesade.

Tuanze na yaliyo wazi. Said alitwaa madaraka mwaka 1806 kwa kumuua binamu yake, Badr bin Seif. Mtu aliyepata kiti chake kwa njia hiyo hajifunzi kuamini watu kwa urahisi. Baadaye alihamishia makao yake Zanzibar, akatajirika kwa karafuu na pembe za ndovu. Mke wake mkuu alikuwa Azza bint Seif, wa ukoo wake mwenyewe, ambaye hakumzalia mtoto. Watoto wote walizaliwa na masuria, na alipofariki baharini mwaka 1856 waliokuwa hai walihesabiwa kuwa 36.

Shesade hakuwa suria. Alikuwa mke wa ndoa, binti wa Irich Mirza na mjukuu wa Fath Ali Shah, mfalme wa Uajemi. Hapana budi kukumbuka kwamba Oman iliikodi Bandar Abbas kutoka kwa Waajemi, na mpangaji aliyeoa katika ukoo wa mwenye nyumba hutumaini kwamba hatafukuzwa upesi. Hata hivyo, siamini kwamba yalikuwa mambo ya siasa peke yake. Kule Kidichi, kaskazini mashariki ya mji wa Zanzibar, yapo mpaka leo mabafu aliyomjengea bibi huyu mwaka 1850. Waarabu wa Oman walizoea majengo yasiyo na mapambo mengi. Mabafu ya Kidichi yana kuta za lipu iliyochongwa kwa namna ya Kiajemi, yenye maua na ndege. Mzee aliyekaribia miaka 60 alikubali nyumba yake ipambwe kwa desturi ya kwao mkewe. Kama hilo si penzi, basi ni jirani yake wa karibu.

Mwisho wa ndoa hiyo tunausoma katika kumbukumbu za Sayyida Salme, binti yake Said, zilizotolewa Ujerumani mwaka 1886. Salme anamweleza Shesade kuwa mzuri wa kupindukia na mbadhirifu. Lulu ikidondoka kwenye nguo yake na mtumishi akaiokota, hakuipokea tena. Alipanda farasi na kuwinda akifuatana na Waajemi wake, jambo lililowaudhi Waarabu. Kisha Salme anasema kwamba mama huyo alimpenda mwanamume mwingine, kwamba Said alipogundua alishika upanga, na kwamba mtumishi mwaminifu aliuzuia mkono wake. Ikabaki talaka. Shesade akarudi Uajemi, na vita vya Bandar Abbas vilipotokea ikavuma kwamba ameonekana upande wa adui, akiwalenga risasi watu wa nyumba aliyotoka.

Nilipowasimulia wanachuo kisa hiki, darasa zima lilikata shauri mara moja kwamba mwanamke alikuwa na hatia. Ndipo nilipowauliza swali moja tu: nani anasema? Salme alizaliwa mwaka 1844. Hata kama alimwona Shesade, alimwona kwa macho ya mtoto mdogo. Mengine aliyasikia katika nyumba iliyojaa wake, masuria na watoto waliogombea jicho la bwana mmoja. Mama yake Salme alikuwa miongoni mwa masuria hao. Katika nyumba ya namna hiyo, mgeni aliyejengewa mabafu ya pekee hawezi kukosa wa kumchukia.

Tena Salme mwenyewe alikuja kuwa mshtakiwa wa mapenzi. Mwaka 1866 alitoroka Zanzibar akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, wakafunga ndoa Aden mwaka uliofuata. Alisemwa sana. Lakini yeye alipata kalamu, akaandika kitabu kizima, nasi tunayajua maisha yake kwa kinywa chake. Shesade hakutuachia hata barua moja ya kujitetea.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya Waarabu na Waajemi tu. Huko Uingereza, George, aliyetawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa tangu 1811, alimwoa Caroline wa Brunswick mwaka 1795 na kutengana naye upesi. Alipeleka wapelelezi hadi Italia kuwahoji watumishi wa mkewe. Alipokuwa mfalme mwaka 1820 alitaka bunge livunje ndoa kwa sababu ya uzinzi, ingawa vimada wake mwenyewe walijulikana mji mzima. Lakini Caroline alikuwa na wakili, Henry Brougham, aliyewahoji mashahidi mbele ya mabwana wote mpaka baadhi yao wakayumba. Mswada ukaachwa. Tofauti ya Caroline na Shesade haikuwa wema wa waume zao. Caroline alipata mahali pa kujibu.

Huku kwetu bonde la Kilombero ndoa nyingi huonja mtihani wa umbali. Wakati wa mpunga mmoja huhamia shamba la mbali, analala kwenye dungu miezi kadhaa akiwinga ndege na kufukuza nguruwe, na mwingine hubaki Ifakara na watoto wanaosoma. Maneno husafiri kati ya shamba na mji upesi kuliko magunia. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka, isipokuwa kwa sababu maalumu, ugomvi wa mume na mke ufikishwe kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani. Baada ya kustaafu nilikaa katika baraza la namna hiyo pamoja na wazee wenzangu.

Nakumbuka mume mmoja aliyeleta mambo matatu: magunia yaliyopungua, kitenge kipya, na baiskeli iliyosikika usiku karibu na dungu la mkewe. Alisema vizuri mno, hata mzee mmoja akaanza kutikisa kichwa. Kisha tukamwambia, "Haya, mama, nawe tueleze." Magunia, akasema, alilipia vibarua wa kupalilia. Kitenge alipewa na dada yake. Kuhusu baiskeli alinyamaza kidogo, akasema njia ile ni ya watu wote. Hatukujua ukweli wote siku ile, na mpaka leo siujui. Mwaka uliofuata waliachana. Lakini mama yule aliondoka akiwa amesikilizwa, na watoto wake wanajua kwamba mama yao alisema nini.

Sidai kwamba Shesade hakumsaliti mumewe. Huenda alimsaliti, na huenda Said aliumia kweli, maana mtu hashiki upanga kwa ajili ya mke asiyemjali. Ninachodai ni kidogo zaidi. Ndoa ile imetuachia mabafu, ambayo ni ushahidi wa mume kupenda, na simulizi, ambayo ni ushahidi wa nyumba kushuku. Neno la mke halimo. Mwalimu anayekifundisha kisa hiki na awaambie wanafunzi wake hivyo kabla hawajanyoosha mikono kuhukumu, kwa kuwa baadhi yao watakuja kukaa katika mabaraza, na mbele yao atasimama mtu aliye hai.